Mfereji wa Mshirika wa Kwanza

Kazi ya mwanamke huyu ni kuwaomba watu wasifanye kitu. Wenzake wameajiriwa kujenga, kuuza, kufundisha au kukamata; yeye ameajiriwa kuomba. Usilime hapa, tafadhali. Udongo wa pale usiuchimbe, tafadhali. Ng'ombe wako wanyweshe upande ule, tafadhali. Hana askari wa kumpeleka mtu popote, hana faini ya kumtoza, hana hata filimbi. Kila mkutano anaufungua na kuufunga kwa maneno yale yale, kwamba jambo hili ni la hiari, mpaka bonde zima likasahau jina alilopewa na wazazi wake na kumwita Mama Hiari. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumcheka. Siku hizi hakuna anayecheka, na mlinzi wa jengo akimfungulia mlango asubuhi humwita hivyo huku akipiga miayo.

Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ngazi ni za zege, hazina pa kushika, na magoti yake yanazichukia. Ndani mna meza, viti vya plastiki vya wageni, feni inayozunguka ikitaka na kugoma isipotaka, na ramani kubwa ya bonde iliyobandikwa ukutani. Kwenye ramani hiyo kinamasi kimepakwa kijani kibichi kutoka mwanzo wa bonde hadi mwisho wake, kizuri mno, utadhani ukitega sikio utawasikia vyura. Ukishuka bondeni kukiangalia kwa macho yako utakuta nyasi za rangi ya vumbi, na katikati ardhi iliyopasuka. Mama Hiari alikuwa akikaa na mgongo wake umeelekea ramani ile. Alisema ni kwa sababu ya mwanga wa dirisha.

Habari ya bonde lenyewe ni fupi. Zamani lote lilikuwa matete na maji. Mvua ikinyesha maji yalikaa humo, yakatoka polepole kwa chini, kwenye kalvati, lile bomba la zege chini ya barabara kuu, na visima vya mtaa wa chini havikujua kiangazi. Kisha watu wakachimba mifereji wapate pa kulima, wafyatua matofali wakazitafuna kingo, na maji yakawa yanapita mbio siku ya mvua na kupotea. Ndipo ukaundwa ushirikiano: kiwanda cha soda, ambacho bila maji hakiuzi kitu, mamlaka ya maji, chama cha wafyatua matofali, na wakulima wa bondeni, naye akaajiriwa kuwa mratibu wao. Wakaja wataalamu na maneno yao mazito. Mabadiliko ya tabianchi, suluhisho la asili, hewa ya ukaa. Walieleza kwamba udongo wa kinamasi ukilowa huifungia hewa ya ukaa chini kwa karne, na ukikauka huiachia yote. Mama Hiari akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama akawaambia wakulima, "Jamani, wanasema tuliache bonde lilowe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mwenye mfereji aufunge, kila mwenye kingo aache matete yaote, na asili ifanye kazi yake yenyewe bila mshahara. Kiwanda kingetoa mizinga ya nyuki na miche ya matunda ya kupanda juu mlimani. Mkataba wenye meno haukuwepo. Kila mshirika aliahidi alichotaka kuahidi, na angeweza kuondoka siku yoyote bila hata kuaga.

Karibu miaka kumi imepita hivyo, na mwaka huu wakubwa walichoka. Bwana mazingira wa kiwanda, mtu mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alimpigia simu akamwambia bila kuzunguka: katika matembezi ya washirika bondeni mwaka huu atakuja na mtathmini kutoka nje, na kama kiangazi hiki kalvati itakuwa kavu tena, kiwanda kitajitoa. Mamlaka ya maji nayo itafuata. Mama Hiari alimshukuru, akakata simu, akashika tama. Alijua kitakachofuata. Siku wakubwa watakapoondoka, wakulima watafungua mifereji yao asubuhi yake, na yeye atakuwa ameomba kwa miaka yote hiyo bure kabisa.

Kilichomkondesha ni kwamba hakuelewa kosa liko wapi. Mifereji ilikuwa imefungwa. Aliipitia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kila msimu, amevaa mabuti ya mpira, akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kila alipoona tuta limekaa sawa. Wafyatua matofali walikuwa wameondoka kingoni. Matete yalianza kuota huko juu, yakafika katikati ya bonde, yakagoma. Maji yalikuja mpaka pale nayo yakatoweka.

Aliyemfumbua macho alikuwa mwenyekiti wa wafyatua matofali, mzee mmoja aliyeitwa Fundi na kila mtu, hata na mkewe. Alipanda ngazi zile akihema, akavuta kiti, akajipepea kwa kofia yake.

"Mama Hiari, nikuulize swali la kijinga. Ukijaza ndoo nayo haijai, utalaumu bomba?"

"Fundi, nimechoka. Sema unachotaka kusema."

"Sisi wenzako tumefunga. Mimi nimeacha udongo mtamu kule kingoni, nafyatulia juu kwenye changarawe. Tofali likianguka linavunjika kama biskuti. Wateja wananitukana. Nimevumilia."

"Najua, Fundi. Na nakushukuru."

"Sitaki shukrani." Aliacha kujipepea. "Mfereji wa mwisho uko wazi."

"Mfereji wa mwisho upi?"

Mzee alimtazama, kisha akaangalia chini. "Usinifanye niutaje, mama. Wewe unaujua."

Mfereji wa mwisho bondeni, ule ulio juu kidogo ya kalvati, ambao maji yote ya kinamasi lazima yapite mbele yake, ulikuwa wa kaka yake.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Hiari.

"Tangu lini tena? Haujawahi kufungwa hata siku moja. Sisi sote tunajua. Tulinyamaza kwa heshima yako. Tulisema, hawa ni ndugu, dada mtu anajua, wana mpango wao."

Fundi alipoondoka, Mama Hiari alikaa pale bila kufanya lolote. Angependa sana kuweza kusema kwamba alishtuka. Ukweli ni kwamba alijisikia kama mtu aliyeambiwa umri wake. Mifereji yote aliikagua isipokuwa ule. Kwa kaka alikuwa akienda kunywa chai. Vitunguu vya kaka vilikuwa kijani kiangazi chote wakati mashamba ya jirani yamegeuka vumbi, na kila mavuno gunia moja lilifika jikoni kwake, naye alikaanga, akala, akamsifu wifi yake kwa simu. Alijitia hamnazo. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hili.

Na si yeye peke yake. Ushirikiano mzima ulikuwa umejifunza kutokiona kipande kile. Kila mwaka wanafanya matembezi ya bonde: washirika wote wanatembea pamoja toka juu, kila mmoja akionyesha alichofanya, mpaka kwenye daraja la mbao. Hapo njia ya bondeni ingewapeleka moja kwa moja kwenye shamba la kaka. Lakini tangu mwaka wa kwanza walikata kulia, wakapanda barabarani, wakazunguka mpaka uani kwa kaka, ambako wifi alikuwa amewaandalia chai. Hakuna aliyeamua hivyo. Ni adabu tu iliyogeuka njia.

Maana kaka yule ndiye mshirika wa kwanza. Katika kila hotuba alitajwa hivyo. Siku ya mkutano wa kuanzisha, ukumbi ulijaa na hakuna aliyetaka kuinua mkono. Mama Hiari alisimama mbele na karatasi yake, kijana bado kiasi, akingoja. Kaka yake, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango, akainua mikono yote miwili. "Mnaogopa nini? Huyu ni mdogo wangu. Mwandikeni mtu mmoja, mimi hapa." Watu wakacheka, na mikono mingine ikafuata.

Ni kaka huyu aliyemlea. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyeacha shule, akachimba ule mfereji kwa mikono yake, akapanda vitunguu, na vitunguu vile ndivyo vilivyompeleka mdogo wake mpaka chuo.

Mama Hiari alimkuta uani anafumua kamba ya zamani. Wifi alileta kiti, akasoma uso wa mgeni, akarudi ndani bila kuuliza habari za huko.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa. Fundi amekuja kwako, siyo?"

"Umejuaje?"

"Ameacha kuniangalia usoni." Aliendelea na kamba yake. "Haya, sema."

Mama Hiari alikuwa amewaomba watu wengi katika maisha yake, wakali na walevi, na mmoja aliyemfungulia mbwa. Maneno hayakuwahi kumkwama namna hii. "Kaka, maji yanaishia kwako. Usipofunga, kiwanda kinaondoka, na kila kitu kinakwisha."

"Nikifunga, shamba linazama."

"Linazama. Ndiyo."

"Wenzangu walipofunga walikuwa na vipande vingine huko juu. Mimi nina kile tu. Nitakula nini, mdogo wangu? Nyuki?"

Mama Hiari alikuwa ameshampigia bwana mazingira akamwomba, kama kiwanda kinaweza kumtafutia mtu mmoja kipande cha ardhi juu. Bwana mazingira alimjibu kwa upole wake ule ule kwamba watalifikiria, lakini ushirikiano haufidii mtu mmoja mmoja, wakianza hivyo hawatamaliza. Kiwanda nacho kiko kwa hiari.

"Kwa nini uliinua mkono, kaka?"

"Ulikuwa unatetemeka." Aliiweka kamba chini. "Ukumbi mzima umekutolea macho, wewe na karatasi yako. Ningefanyaje? Nilikuinulia wewe mkono, sikuwainulia vyura."

"Ungeniambia baadaye."

"Ungeniuliza. Umewauliza watu wote wa bonde hili. Mimi hukuniuliza hata mara moja."

"Basi nakuuliza leo. Nakuomba uufunge."

Kaka aliinua uso. Alikuwa amezeeka, shingo imekonda, na kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi kwa udongo usiotoka tena. "Hili jambo ni la hiari, siyo?"

"Ni la hiari."

"Basi sitaki."

Na hapo mazoea yakamponza. Kila aliyewahi kumkatalia Mama Hiari alijibiwa kwa maneno yale yale, ambayo alijifunza kwenye semina na kuyasema mpaka ulimi ukayazoea. Yakamtoka kabla hajayazuia. "Ahsante kwa kunipa muda wako."

Kaka yake akaiokota kamba, akaanza tena kuifumua mahali pale pale alipokuwa ameshaifumua.

Siku ya matembezi jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Bwana mazingira alikuja na mabuti mapya, bei bado imebandikwa kwenye soli. Mtathmini alikuwa bwana mkimya mwenye miwani na kamera, aliyesema "vizuri sana" kila alipoonyeshwa tuta. Wakulima walionyesha matuta. Fundi alionyesha ukingo aliouacha, matete yameufunika, akazungumza kwa uchungu wa mtu anayemwonyesha mwenzie mchumba aliyemwacha. Kadiri walivyoshuka, matete yalipungua, kisha yakaisha. Mtathmini akaacha kusema "vizuri sana". Bwana mazingira alikuwa akitazama saa yake.

Mama Hiari alitangulia. Magoti yalimuuma na kichwa kilikuwa kizito, kwa sababu tangu siku ile hakuwa amelala vizuri. Nataka nimtetee hapa, na sijui nimtetee vipi. Sidhani kama alikuwa amepanga. Nadhani alichoka tu. Alichoka kubembeleza, alichoka kujibiwa "mwezi ujao", alichoka na neno lenyewe lililogeuka jina lake. Walipofika kwenye daraja la mbao kundi zima likageuka kulia kama kawaida. Yeye akavuka.

"Mama Hiari," Fundi alimwita kwa sauti ya chini, "njia ni huku."

"Leo tunapita huku."

Wakasimama, wakatazamana, wakamfuata. Wakapenya kwenye vichaka, na mbele yao likatokea shamba la vitunguu, kijani, limenyooka mistari kwa mistari, limepaliliwa likapendeza. Kando yake mfereji ulikuwa wazi, safi, maji ya bonde zima yakienda ndani yake bila haraka. Na ndani ya mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini, beleshi mkononi, kaka alikuwa anatoa tope.

Aliinua kichwa akawaona wote. Majirani zake, wakwe zake wawili, wazee aliocheza nao utotoni, wageni wenye kamera. Mdogo wake mbele yao.

Mama Hiari angeweza kusema lolote. Angeweza kusema kwamba amekosea njia. Alisema kwa sauti ile ile ya mikutano, "Na huyu ndiye mshirika wetu wa kwanza. Ni kaka yangu."

Bwana mazingira alikohoa. Kaka alilitazama beleshi lake, akayatazama maji, kisha akasema, si kwa mdogo wake bali kwa mtathmini, "Mmenikuta ndiyo nataka kuufunga."

Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuonyesha kwamba haamini. Akapanda ukingoni, akachota udongo, akautupa ndani. Maji yakauchukua. Akachota tena. Alikuwa mzee na mfereji ulikuwa mpana, nao walisimama pale juani wakimtazama, maana kumsaidia kungekuwa kusema kwa sauti kwamba wanajua. Fundi alivua kofia yake akaishika mkononi. Mtathmini alipiga picha. Mama Hiari alitaka kwenda kulishika lile beleshi, akawa anajiambia nenda, nenda sasa, na miguu ikakataa. Walisimama hivyo mpaka tuta likashika na maji yakaanza kurudi nyuma, yakipapasa mistari ya vitunguu.

"Vizuri sana," alisema mtathmini.

Kiwanda hakikujitoa. Mvua zilipokuja kinamasi kilijaa toka juu hadi chini, na kiangazi kilichofuata maji yalikuwa yanatoka kwenye kalvati, membamba lakini hayakatiki, na akina mama wa mtaa wa chini walirudi kwenye visima vyao. Mtathmini aliandika ripoti nzuri. Alisema bonde lile ni ushahidi kwamba watu wakiachiwa huru kuamua wenyewe, asili hurudi, bila sheria na bila kulazimishana. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya mzee mwenye beleshi. Mama Hiari akaalikwa mjini kuzungumza, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, akaulizwa siri ya mafanikio ni nini. Alisema uvumilivu. Watu wakampigia makofi naye akarudi kwenye kiti chake.

Suala la kipande cha ardhi kule juu bado linafikiriwa. Gunia la vitunguu halikuletwa tena, na lingetoka wapi. Wifi humpigia simu mara chache, huzungumza habari za watoto, na akiulizwa kuhusu mzee husema yupo, anaendelea. Kaka siku hizi anasukuma toroli la matofali kwa Fundi. Fundi anasema hakumwajiri, alikuja mwenyewe asubuhi moja akashika toroli, na yeye hakujua amkataze vipi.

Juzi Mama Hiari alishuka bondeni kukagua. Matete yalikuwa yamempita kimo, na vyura walikuwa wakipiga kelele mchana kweupe, kelele za kukera, kana kwamba wanalipia kimya cha miaka yote hiyo. Alisimama akasikiliza. Alitaka kufurahi, na sehemu fulani yake ilifurahi kweli. Kisha akasikia gurudumu kwenye njia ya juu, akamwona kaka yake anakuja na toroli limejaa, amelikazia macho asije akalipindua. Akapisha njia. Akakunja mikono mbele kama alivyofundishwa akiwa mdogo, na kaka huyo huyo ndiye aliyemfundisha.

"Shikamoo, kaka."

Mzee hakusimama, kwa sababu toroli zito likisimama mlimani ni kazi kuliondoa. Alipomfikia aligeuza kichwa kidogo, akamjibu kwa heshima zote, kama anavyojibiwa mtu wa ofisini.

"Marahaba, mratibu."